Skonzi na nyama kabla baba yao hajaingia zamu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukifika nyumbani usiku umechoka, unawaandalia watu wako chakula gani ndani ya nusu saa?" Jibu langu ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kwa moto mkali na kutiwa ndani ya skonzi ikiwa bado inafuka mvuke.

Nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru mjini. Tunafunga saa kumi na mbili jioni, na matatu ya Lanet isipokwama njiani, saa moja na dakika tano niko mlangoni. Mume wangu yuko zamu ya usiku kiwandani, hutoka nyumbani saa mbili kasorobo. Basi tangu mimi niingie hadi yeye atoke ni dakika arobaini. Siku za kazi, hakuna wakati mwingine ambapo sisi watano tuko pamoja na kila mtu yuko macho. Kwa miezi mingi dakika hizo zilimezwa na sufuria. Nyama inatokota, watoto wanasinzia juu ya vitabu, baba yao anaondoka na chai tupu tumboni. Iliniuma sana.

Mchuzi wa nyama unataka muda, na huku kwetu unataka muda zaidi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kwa dada yangu aliyeolewa Mombasa. Sufuria yangu inaweza kutokota kwa kishindo na bado ikawa na joto dogo kuliko ya kwake, ndiyo maana maharagwe na nyama ngumu huchelewa kuiva. Mafuta kwenye kikaango hayana kizuizi hicho. Hupata moto kupita maji kwa mbali, uwe milimani au pwani. Nilipolijua hilo niliacha kushindana na sufuria, nikaiwekea Jumapili yake.

Sasa nyama yenyewe. Nanunua nusu kilo ya steki ya paja, baada ya kuhakikisha nimeuona muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Sarara ni laini zaidi lakini kwa bei yake siwezi kuila kila wiki. Paja linatosha ukijua kulikata, na hapa ndipo namwomba msomaji asiwe na haraka. Liweke pande la nyama kwenye ubao ulitazame kwanza. Utaona nyuzi zimelala upande mmoja kama katani. Kisu kizikate nyuzi hizo kwa kukingama, kisizifuate. Ukizifuata, unampa mtoto kamba ya kutafuna. Ukizikata, kila kipande kinabaki na nyuzi fupi fupi ambazo jino linaziachanisha bila kazi. Wembamba wake uwe kama wa ganda la chungwa, au chini ya hapo. Kisu changu nakinoa kwenye kitako cha kikombe cha kauri, pale kwenye duara lisilong'aa, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Nyama iliyokaa nusu saa kwenye friza hushika kisu vizuri, haitelezi wala haijikunji. Kwa hiyo kazi hii naifanya Jumapili mchana, nagawa nyama kwenye mikebe yenye vifuniko na kuigandisha. Asubuhi ya siku ya kupika naushusha mkebe mmoja sehemu ya chini ya friji, jioni naukuta umeyeyuka.

Nikifika tu, natia kwenye nyama robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwa maji kidogo, nasugua kwa vidole, naiacha dakika kumi. Hulainisha paja ajabu. Ni ujuzi uleule wa mama zetu wa upande wa magharibi wanaolainisha mrenda kwa munyu wa majivu. Usizidishe, vinginevyo utasikia ladha ya sabuni. Katika dakika hizo kumi nakata vitunguu viwili vikubwa na hoho moja, naponda punje tatu za kitunguu saumu, na kifungua mimba wangu anakata kabichi nyembamba ya kachumbari, tunaikamulia limau na kuitia dhania na chumvi.

Kosa nililolifanya mara ya kwanza nalisema wazi ili lisimpate mwingine. Nilimimina nusu kilo yote kwenye kikaango kwa mpigo mmoja. Moto wa meko yangu, ule mtungi wa kilo 6, ukazidiwa. Nyama ikatoa maji, yakajaa, ikawa inachemka badala ya kukaangika. Ikatoka ya kijivu, ngumu kama mpira. Kitinda mimba alitafuna, akatafuna, kisha akaitoa mdomoni taratibu na kuiweka ukingoni mwa sahani bila kusema neno. Nyama haiwi ya kahawia maadamu ina maji juu yake. Lazima maji yaishe kwanza ndipo joto lipande na ile harufu tamu itoke. Kwa hiyo ikaushe kwa kitambaa safi. Pasha kikaango kitupu mpaka tone la maji likidondoka liruke na kupotea. Tia mafuta vijiko viwili, kisha nyama theluthi moja tu, uitandaze, uiache. Kuiacha ndiko kugumu, mkono unataka kukoroga. Hesabu hadi arobaini, geuza, dakika moja nyingine, hakikisha hakuna wekundu uliobaki, toa. Rudia mara mbili. Chumvi na pilipili manga natia wakati huu, si mapema, maana chumvi huvuta maji nje.

Chini ya kikaango sasa kuna ukoko wa nyama, mweusi mwekundu. Usiuoshe! Ladha yote imekaa hapo. Tia vitunguu, hoho na saumu, kisha robo kikombe cha maji na kijiko cha siki, ukwangue kwa mwiko wa mbao. Ukoko unayeyuka, unakuwa mchuzi mzito kidogo. Rudisha nyama, igeuze mara mbili tatu, zima moto. Sijawahi kuhitaji sosi ya chupa.

Skonzi mbili kwa kila mtu, zipasuliwe katikati, zibanikwe upande wa ndani kwenye kikaango kingine mpaka ziwe na rangi. Usipozibanika, mchuzi unazilowesha na zinakatikia mkononi.

Mama mkwe wangu, anayekaa Njoro, alipotutembelea aliniambia, "Mwanangu, mkate ni wa chai. Usiku mtu hula ugali." Nilimjibu kwa heshima, "Mama, ngano inavunwa mbele ya mlango wako kila mwaka, na sisi tunaiogopa usiku?" Alicheka, akala moja, akaomba ugali wake. Nilimsongea. Ugali wa mtu mmoja hauchukui dakika kumi, na nyama ileile ilimtosha kuwa kitoweo. Sioni haja ya kumbadilisha mtu mzima chakula chake. Lakini kwa watoto wangu sikubali kuambiwa kwamba hawajala: nyama wamepata, mboga mbichi wamepata, na wameshiba.

Kufikia saa moja na nusu tumekaa. Robo saa ile watu wanasimulia: nani alipigana na nani shuleni, duka liliuza mabati mangapi, mashine gani imeharibika kiwandani. Halafu nafunga skonzi mbili kwenye karatasi ya kaki, na mume wangu anazitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kifuani, kwa sababu baridi ya Julai hapa si ya mchezo na zenyewe bado ni moto. Kitinda mimba humsindikiza hadi langoni, mikono yake ikinukia limau.