Ankara za Kila Mwezi Ndani ya Spark: Maswali Yenu

Kampuni yetu ya intaneti hutoza wateja kila mwezi kupitia mfumo wa bili ulioko ng'ambo. Nitaziletaje data hizo kwenye Spark? (Msomaji, Kampala)

Spark ni programu ya kuchambua data nyingi kwa kugawa kazi kwa mashine kadhaa. Anza kwa kujua mfumo huo wa bili unakupa mlango gani. Ikiwa ipo draiva ya JDBC (njia ya kawaida ya programu za Java kuunganika na hifadhidata) inayoonyesha ankara na wateja kama majedwali, kazi ni nyepesi: ipe Spark faili la jar la draiva kwa --jars, taja anwani, jedwali, jina na nywila, basi. Nywila isikae ndani ya skripti, tafadhali. Ikiwa kuna API peke yake, yaani mlango wa programu kuombea data kupitia mtandao, andika programu ndogo ya kuvuta data usiku na kuziweka katika mafaili ya Parquet (muundo wa kuhifadhi data kwa safu), kisha Spark isome hayo. Mimi hupendelea njia hii hata penye JDBC. Ripoti nzito ikigonga mchana hifadhidata ileile inayotoza wateja, mhasibu ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupigia simu.

Nina mashine nne, lakini kusoma jedwali la ankara hufanywa na moja tu. Kwa nini? (Msomaji, Mbarara)

Kwa sababu hujaiambia Spark igawe kazi vipi. Usipoiambia, JDBC hufungua muunganisho mmoja na kuvuta kila kitu katika fungu moja. Weka mambo manne kwa pamoja: partitionColumn, yaani safu ya kugawia, ambayo iwe ya namba, tarehe au wakati, lowerBound na upperBound, yaani mpaka wa chini na wa juu, halafu numPartitions, idadi ya mafungu.

Wengi hujikwaa kwenye ile mipaka miwili wakidhani inachuja ankara. Haichuji hata moja. Inapanga tu upana wa mafungu. Ukiandika 1 hadi 1,000,000 ilhali namba za ankara zimefika 5,000,000, zote za ziada zitaangukia fungu la mwisho, na utarudi kulekule: mashine moja inahema, tatu zinasinzia. Uliza jedwali kwanza namba yake ya chini na ya juu, ndipo uweke mipaka. Na kama una swali lako la SQL, lifunge kwa mabano ndani ya dbtable, chaguo la kutajia jedwali, maana chaguo la query halipatani na partitionColumn.

Usivamie mafungu 200. Hesabu hiyo ndiyo pia kikomo cha miunganisho itakayofunguliwa kwa wakati mmoja. Jaribu 8, uangalie hifadhidata inavyopumua. Kama draiva yako inapita juu ya API yenye kikomo cha maombi, kuongeza mafungu kutakuletea kukataliwa tu.

Jumla ya Julai kwenye Spark hailingani na ya mhasibu. (Msomaji, Jinja)

Tazama saa. Mifumo mingi huandika nyakati kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Aliyelipa saa nane usiku wa kuamkia Agosti 1, kwa UTC bado yuko Julai 31. Weka spark.sql.session.timeZone iwe Africa/Kampala.

Kisha tazama shilingi. Katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi yetu haina tarakimu za senti, dola inazo mbili. Anayegawa kila kiasi kwa 100 humgeuza mteja wa 50,000 kuwa wa 500. Na fedha zihesabiwe kwa decimal, aina ya namba inayohifadhi desimali kamili, si double, ambayo hukadiria.

Tuna wateja 4,000. Tuhamie Spark? (Msomaji, Gulu)

Hapana. PostgreSQL, hifadhidata ya kawaida, inawatosha sana.

Ripoti inadai tunapoteza wateja wengi kila mwezi, lakini sura ni zilezile. (Msomaji, Mbale)

Nadhani wengi wenu hulipwa na wateja kwa pesa za simu. Kadi hukatwa yenyewe tarehe ikifika. Wa MTN MoMo au Airtel Money kwa kawaida huidhinisha mwenyewe kwa namba ya siri, na hufanya hivyo akipata pesa. Akichelewa siku tatu, ripoti inamhesabu ameondoka, kisha inampokea kama mgeni.

Panga malipo kwa kitambulisho cha mteja, si kwa namba ya simu, kwani leo analipa kwa laini hii, kesho kwa nyingine. Kwa lag, amri inayoleta thamani ya mstari uliotangulia, juu ya dirisha (mistari iliyopangwa kwa tarehe) la kila mteja, hesabu siku kati ya kuisha kwa kifurushi na malipo yaliyofuata. Utaona wanaochelewa hurudi baada ya siku ngapi. Ipeleke picha hiyo kwa mkuu wa mauzo, aamue ni siku ngapi za kungoja kabla mteja hajaandikwa kuwa ameondoka.