Mdogo wako mpeni daftari

Mkuu, umeuliza mfanyeje ili mdogo wako aliyekatwa mguu baada ya ajali, na sasa amehamia kwako hapa Dodoma, aache kujifungia ndani. Na kama kundi la wasapu la walemavu watupu litamsaidia. Mimi ni mtu wa magongo, mwaka wa kumi na moja sasa, mkazi wa Nkuhungu.

Kundi si baya, nitalirudia. Lakini kilichonitenga mimi hakikuwa chuki. Nilipotoka hospitali majirani walinipenda kupita kiasi: mchango wa msiba nikasamehewa, zamu ya ulinzi nikarukwa, kadi za harusi hazifiki eti "asisumbuke". Msibani naletewa sahani kabla ya wazee. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye nikang'amua kuwa mtaa mzima hakuna anayenidai kitu, na uswahilini asiyedaiwa ni mgeni tu.

Siku moja kwenye msiba wa jirani mwandishi wa rambirambi akachelewa. Bibi mmoja wa Kigogo akanitazama, akasema, "Huyu si anajua kuandika? Mpeni daftari." Niliandika siku mbili. Hesabu ikapungua elfu kumi na mbili, nikagombezwa mbele za watu kama mtu mwingine yeyote. Usiku ule nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Tangu hapo daftari ni langu, na nisipoonekana napigiwa simu: uko wapi wewe?

Kwa hiyo muulize dogo anajua nini, kisha mpeleke kwa mjumbe wenu. Michango aitoe mwenyewe, hata buku mbili. Usimlipie!

Halafu kuna mchanga wetu huu. Mipira ya magongo inaisha haraka. Fundi viatu akikuchongea ya tairi chakavu inadumu kuliko ya dukani. Kama atatumia kiti mwendo, matairi membamba yanazama, bora baiskeli ya kunyonga kwa mikono. Mvua zikianza Desemba, makorongo yanabadili njia zote, muanze kuzisoma mapema.

Vikao navyo. Ofisi tuliyokuwa tukikutania ina ngazi, nikawa nasikiliza ajenda nje, dirishani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa, ila sikuitaja. Niliomba tu kikao kihamie chini ya mwarobaini. Kilihamia, na walionishukuru zaidi ni wazee wenye magoti mabovu.

Sasa kundi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Kwa hilo wenzake watamfaa, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Wenzake pia watamfundisha mambo ambayo wewe huwezi, kama kuoga bila kuteleza.

Ila msibani aende na mtaa wake. Dodoma hii wiki haiishi bila msiba au harusi. Na aje na kalamu yake, za kuazima hazirudi.