Mpigie daktari wa upasuaji leo, achana na wakala

Mkuu, swali lako nimeishia pale uliposema mzee ana kisukari, moyo unasukuma damu kwa shida, baipasi (upasuaji wa kuipa damu njia mpya kuuzunguka mshipa wa moyo ulioziba) ni Jumanne ijayo, na wakala wa safari kasema "aendelee na dawa zote kama kawaida". Simama hapo hapo. Piga simu hospitali leo, uliza klopidogreli inasimamishwa lini.

Dawa hiyo inazuia chembe za damu zisigande, na nguvu yake haiishi kwa siku moja. Kwa upasuaji wa kupangwa, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla. Prasugreli, dawa ya kundi hilohilo, siku 7. Aspirini mara nyingi huendelea. Baba yangu naye alikuwa wa hatari kama wako, kisukari na figo zimechoka. Wakala aliyetupeleka India alitupa jibu hilohilo, na fomu ya dawa akaijaza mwenyewe bila kutuuliza. Klopidogreli hakuiandika. Mzee akaimeza hadi usiku wa kuamkia upasuaji.

Baipasi yenyewe ilikwenda vizuri. Jioni, pale ICU, chupa inayopokea damu ya mirija ya kifuani ikawa inajaa. Nesi anapiga mstari kwa kalamu kila saa, na mistari inapanda tu. Presha ikaporomoka. Kifua kikafunguliwa tena usiku uleule, akaongezewa damu chupa kwa chupa. Kule kuporomoka kwa presha ndiko kulikozimaliza figo, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Na kila siku ya ICU ni bili! Wakala kamisheni alishakula, simu hapokei. Mkata tiketi anapata wapi ujasiri wa kuagiza dawa za moyo?

Ila usimkatishe mzee dawa kwa kusoma hapa. Kama ana stenti mpya, kile kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi, akiacha dawa ghafla stenti inaweza kuziba. Waamue daktari wa upasuaji na wa usingizi, wakiwa wameziona pakiti zenyewe. Narudia, pakiti, sio orodha ya mtu. Mwaga kila kitu mezani, mitishamba pia, na vidonge vya sukari: empagliflozini na dapagliflozini nazo husimamishwa siku 3 kabla. Wakisema upasuaji usogezwe wiki, usogezwe. Tiketi inabadilishwa.

Ya gharama na malazi ya ndugu tutaongea baadaye. Umeshapiga?