Mashindano ya Chopin kule Warsaw yanatafuta nini hasa?

Swali: Hujambo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 14 na amefaulu Gredi ya 6 ya piano ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Mwalimu wake wa kwaya alimwonyesha video za mashindano ya Chopin ya mwaka 2025, na tangu siku hiyo hapa nyumbani hatuna habari nyingine. Mashindano haya yalianzaje na yanatafuta nini? Inakuwaje kuna miaka watu walishindana wiki nzima nzima, halafu nafasi ya kwanza ikakosa mtu? Na je, mtoto anayefanyia mazoezi kibodi ya kanisa anaweza kulenga huko kweli? – Mzazi, Section 58, Nakuru

Jibu: Sijambo, mzazi mwenzangu. Nitaanza na wanachotafuta, maana ukishakijua, hilo la miaka isiyo na mshindi litajijibu lenyewe.

Warsaw, mji mkuu wa Poland, wanamtafuta mpiga piano anayeuelewa muziki wa Frédéric Chopin, mtunzi wa Poland wa karne ya 19. Kuanzia raundi ya kwanza hadi fainali hakuna noti ya mtunzi mwingine yeyote. Bach na Beethoven wanabaki mlangoni. Sisi tumezoea tamasha za muziki za shule, ambako mwamuzi anasikiliza kila aina ya wimbo kisha anatoa maoni na alama. Hawa wana mtu mmoja tu wa kumlinda, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Aliyeyaanzisha ni Jerzy Żurawlew, mpiga piano na mwalimu wa Warsaw. Poland ilikuwa imerudi kuwa taifa huru mwaka 1918, baada ya kugawanywa na majirani zake kwa zaidi ya karne moja, na Chopin alikuwa fahari yao kubwa. Żurawlew aliona muziki huo unaharibiwa. Kuna waliomdharau Chopin kama mtunzi wa machozi na kuzimiazimia, na kuna waliouvuta mwendo walivyotaka wakidai ni hisia. (Wa aina hii ya pili ninao darasani hapa Kisumu mpaka leo.) Wakati huohuo vijana walikuwa wamepagawa na michezo. Akawaza: kama ni kushindana wanakotaka, basi washindane kwa Chopin. Wengi walimpuuza na pesa zilimsumbua, lakini Januari 1927 mashindano yakafunguliwa, wapiga piano 26 kutoka nchi 8. Akashinda Lev Oborin wa Muungano wa Kisovieti. Dmitri Shostakovich, ambaye baadaye dunia ilimjua kama mtunzi, alikuwemo pia na akarudi kwao na cheti cha heshima tu. Hilo ndilo ninalomwambia kila mwanafunzi anayelia baada ya matokeo.

Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka 5, ingawa korona iliyasogeza yale ya 2020 hadi 2021. Matokeo hutoka karibu na tarehe 17 Oktoba, siku aliyofariki Chopin mwaka 1849.

Kuhusu alama: kila jaji hutoa kati ya 1 na 25, na haruhusiwi kumpa alama mwanafunzi wake mwenyewe. Alama ya jaji mmoja ikiwa mbali mno na wastani wa wenzake, husogezwa karibu na wastani huo, ili mtu mmoja asimzamishe wala kumbeba mshindani peke yake. Mwaka 2025 waliongeza jambo ambalo mimi nalipenda: alama za raundi za mwanzo zilihesabiwa pia kwenye matokeo ya mwisho. Zamani mtu angeweza kuteleza usiku mmoja wa fainali, anapopiga koncheto (kipande kirefu cha piano na okestra), na kazi yote ya nyuma ikasahaulika. Aliyeshinda mara hiyo ni Eric Lu wa Marekani, ambaye mwaka 2018 alikuwa ameshinda mashindano ya piano ya Leeds kule Uingereza.

Lakini hesabu haimalizi ubishi. Mwaka 1980 Ivo Pogorelić kutoka Yugoslavia alitolewa kabla ya fainali. Martha Argerich, aliyekuwa jaji na ndiye mshindi wa 1965, akajiuzulu kwa hasira. Kwa Argerich, huyo kijana alikuwa na kipaji kisicho cha kawaida. Kwa upande wa majaji wengine alikuwa akifanya lilelile Żurawlew alilolipiga vita: kujitanguliza yeye mbele ya mtunzi. Nimesikiliza rekodi zake na bado nabadilisha upande kila mara. Kwa vyovyote, kutolewa huko kulimpa umaarufu kuliko zawadi wanazopata wengi.

Hapo ndipo swali lako la nafasi ya kwanza linapoingia. Jopo likiamini hakuna aliyefika pale mtunzi anapostahili, lina ruhusa ya kutompa mtu nafasi hiyo. Ilitokea 1990, ikatokea tena 1995. Mara hii ya pili, Philippe Giusiano wa Ufaransa na Alexei Sultanov wa Urusi waligawana nafasi ya pili, na juu yao hapakuwa na mtu. Sasa tazama: Sultanov huyohuyo alikuwa ameshinda mashindano ya piano ya Van Cliburn kule Texas mwaka 1989, akiwa kijana wa miaka 19. Texas wanampa mshindi mikataba ya kupiga jukwaani kwa misimu kadhaa, kwa hiyo wanamtaka mtu atakayejaza ukumbi. Yale ya Tchaikovsky ya Moscow yalianza 1958 wakati wa Vita Baridi, Wasovieti wakitaka kuuonyesha ulimwengu ubora wao, kisha Mmarekani Van Cliburn, ambaye yale ya Texas yana jina lake, akawashinda nyumbani kwao. Brussels, kwenye yale ya Malkia Elisabeth, waliofika fainali hufungiwa wiki nzima kujifunza koncheto mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kila mahali wana haja yao. Kabla binti yako hajachagua pa kwenda, asome kwanza mwandalizi anataka nini.

Nikae kidogo kwenye mazurka, maana ndizo mtego mkubwa wa Warsaw, na zina zawadi yake maalumu. Ni ngoma za Poland, mapigo matatu kwa kila kipimo, ila mkazo unahama: mara unakaa kwenye pigo la pili, mara la tatu. Noti zake nyingi si ngumu kwa vidole. Ni kama isukuti ya Kakamega: unaweza kuyaandika mapigo yote kwenye karatasi, na mgeni akayapiga sawasawa, lakini mzee wa Idakho akasikiliza kidogo na kujua huyu hajawahi kuicheza. Kuna wakati mtunzi Meyerbeer aligombana na Chopin mwenyewe kuhusu mazurka moja, akisisitiza kwamba anasikia mapigo mawili badala ya matatu.

Usidhani basi kwamba ni mali ya Wapolandi peke yao. Mwaka 1955 zawadi ya mazurka ilikwenda kwa Fou Ts'ong wa China. Mwaka 1980, katikati ya ile kelele ya Pogorelić, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Dang Thai Son wa Vietnam, ambaye utotoni, mabomu yalipokuwa yakianguka Hanoi, alihamishiwa kijijini pamoja na shule yake ya muziki. Bruce Liu wa Kanada, mshindi wa 2021, ni mwanafunzi wake.

Kwa hiyo binti yako. Umri unaokubaliwa ni takribani miaka 16 hadi 30. Anayeomba hutuma video kwanza, wachache huitwa Warsaw kwa mchujo wa ana kwa ana, ndipo raundi zenyewe zianze. Yajayo ni 2030. Kwa maoni yangu ni mapema: Gredi ya 8 bado iko mbali sana na kiwango kile, baada yake kuna diploma, na wale atakaokutana nao wengi wamesoma kwenye vyuo vya muziki tangu wadogo. Mwaka 2035 atakuwa na miaka 23 au 24, na huo ndio umri mzuri.

Kibodi ya kanisa, kama ni ya vitufe 61 visivyo na uzito, imefika mwisho wake. Chopin anahitaji vitufe 88 vyenye uzito na pedali ya kweli. Kama huna uwezo wa kununua sasa, Chuo Kikuu cha Kabarak hapo kwenu kina masomo ya muziki. Nenda ukaulize kama anaweza kupata saa za mazoezi kwenye piano halisi. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ipo tangu 1944. Aanze na Mazurka Op. 68 Na. 3, ambayo kwa kiwango chake ataiweza. Kabla ya kuigusa, atafute video ya watu wakicheza mazurka yenyewe kwa miguu, kisha ajaribu kuicheza sebuleni. Hata kama mtamcheka.