Kabla ya Kuiandikia Shule Barua Kuhusu Ushungi

Mpwa wangu aliporudishwa nyumbani kutoka shuleni, hapa Malindi, kwa sababu ya ushungi, nilikesha nikiandika barua ya kurasa mbili iliyojaa aya za Kurani. Mwalimu mkuu alinijibu kwa adabu kwamba hapingi imani ya mtoto; anachosimamia ni sare. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetetea jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Mzazi uliyefikwa na hali hii, usihangaike kuthibitisha dini yako. Mtake anayekuzuia athibitishe sababu yake. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, inaruhusu kudhihirisha dini kuwekewe mipaka pale tu sheria inapoelekeza hivyo na inapolazimu kwa ajili ya usalama, utulivu, afya, maadili ya umma au haki za msingi za wengine. Ibara ya 24 ya Katiba yetu nayo inataka itazamwe kama ipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile.

Jihadhari na kesi za Ulaya utakazotajiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, huziachia serikali nafasi pana ya kujiamulia mambo haya: mwaka 2005 iliikubalia Uturuki kuzuia hijabu chuo kikuu, na mwaka 2014 ikaikubalia Ufaransa sheria ya kukataza kufunika uso hadharani. Sheria hiyo hiyo ilipofika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2018 Kamati iliamua kwamba uhuru wa dini umekiukwa, kwa kuwa Ufaransa haikuonyesha ulazima wake. Kenya haifungwi na Strasbourg. Inafungwa na mkataba unaosimamiwa na Kamati hiyo.

Sisemi serikali isiguse dini kabisa. Baada ya Shakahola, msitu wa huku kwetu ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa, hakuna mtu wa huku awezaye kusema hivyo. Lakini huko uhai wa watu ndio uliokuwa hatarini.

Barua yangu ya pili ilikuwa na mistari sita. Niliomba nionyeshwe kanuni kwa maandishi, nielezwe ushungi ulileta madhara gani darasani, na niambiwe kama ushungi mweupe, mfupi, unaolingana na sare, ungetosha. Mawili ya kwanza hayakujibiwa. Siku ya tatu dada yangu alipigiwa simu, na jioni nilimkuta ameketi mkekani na mkasi, akipunguza kitambaa cheupe kikomee mabegani.