Kuchagua skii kwa theluji inayobadilika

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza ununue skii zipi, yaani vile vipande virefu vyembamba vya kufunga miguuni na kutelezea juu ya theluji, kabla ya kwenda masomoni Innsbruck, Austria, kwa kuwa umesikia theluji ya huko hubadilika asubuhi hadi jioni. Tazama kwanza upana wa katikati, pale kiatu kinapokaa, maana ndio unaoamua mengi: skii ya milimita 80 hushika vizuri theluji iliyoshindiliwa ikaganda usiku, ilhali ya milimita 100 au zaidi huelea juu ya theluji laini iliyotoka kuanguka, kama mtumbwi mpana hapa ziwani, ila ni nzito kugeuza. Kwako unayeanza, ningechukua kati ya 80 na 88, yenye ncha ya mbele iliyoinuka kidogo na urefu unaofika kati ya kidevu na pua. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa chuma: ukingo ukiwa mkali utakwangua unga kidogo wa ukucha, ukiwa butu skii itateleza kando kwenye barafu. Nakusihi usinunue ukiwa Kigoma. Ni afadhali ukodi ukifika, na fedha uliyo nayo itangulie kwenye viatu vinavyoshika kisigino barabara. Vifungo vinavyoshikiza viatu kwenye skii virekebishwe na fundi kulingana na uzito wako, kwani vikikazwa kupita kiasi havitafunguka ukianguka, na goti ndilo huumia.