Kocha wetu hakumwacha mtu benchi bila kazi

Timu yetu ya soka ya sekondari haikuwa tishio kwa mtu. Tulishinda mechi kadhaa, tukafungwa nyingi zaidi, na matokeo yenyewe yameshanitoka kichwani. Kisichonitoka ni jinsi kocha wetu alivyokuwa akiendesha mazoezi ya katikati ya wiki, yale ambayo hakuna mzazi anayekuja kuyatazama. Leo ninaongoza watu kazini na nina watoto wa kulea, na mara nyingi nikifanya jambo likafaa, nikilifuatilia lilikotoka nafika kwake. Haya nayaandika kwa ajili ya mwalimu, mzazi au kijana aliyekabidhiwa timu ya shule na bado anajiuliza aanzie wapi.

Nianze na benchi, maana ndiko nilikokaa. Nilikuwa beki wa kushoto wa akiba, nyuma ya mwenzangu mwenye kasi na krosi safi, na sote tulijua namba ni yake. Katika timu nyingi mchezaji kama mimi hushika chupa za maji, hupiga makofi ya kulazimishwa na kusubiri mwenzake aumie. Kocha wetu hakulikubali hilo. Kabla ya kila mechi alitugawia kazi ya kutazama: wewe mfuate winga wao wa kulia, wewe yule kiungo anayegawa mipira, wewe kipa, uone akipangua mpira unaangukia upande gani. Ikifika mapumziko, kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa, alitugeukia sisi.

"Haya, mmeona nini?"

Nasi tulisema. Winga wao hupenda kuingia ndani, mlazimisheni apite pembeni. Kipa husita kutoka mipira ya kona ikipigwa. Waliokuwa wakicheza walitusikiliza kwa makini, kwa kuwa walikuwa wanarudi uwanjani dakika chache baadaye na maneno yale yangewasaidia.

Hakutupoza kwa kutuambia kwamba sisi nasi ni wa maana. Alitupa kazi yenye maana, kisha akaitumia mbele ya wote. Kijana wa miaka 16 huijua mara moja sifa ya kumfariji, naye huidharau, hata akiipokea kwa tabasamu. Kazi inayotegemewa hawezi kuidharau. Nilipoitwa kuingia nilikuwa nimeshausoma mchezo, na nilipomaliza shule nilitoka na tabia ya kutazama kwanza ndipo niseme. Tabia hiyo imenifaa kuliko somo lolote nililowahi kufaulu. Siku hizi, kabla ya kikao kuanza, mimi humpa yule asiyependa kusema jambo moja mahususi la kufuatilia, kisha humwomba yeye atangulie kuzungumza. Wengi hunishangaza kwa walichokiona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mzito kuliko yote: kabla hujapanga mbinu za wale kumi na mmoja, panga kazi ya waliobaki. Nyota wa timu atasifiwa na uwanja mzima. Yule wa akiba ana wewe tu.

Tena mwambie ukweli. Makocha wengi hubandika orodha ya kikosi ubaoni na kuondoka, mtoto akajisomee mwenyewe kwamba hayumo. Wetu alituita mmoja mmoja kabla ya kuibandika. Mimi aliniambia, "Mwenzako anaanza kwa sababu ana kasi, na kasi ndiyo tunayoihitaji. Wewe unasoma mchezo vizuri. Tukiwa na bao la kulinda, nitakuita." Niliumia, sikatai, lakini niliondoka nikijua kwa nini siko na nitahitajika lini. Hakuniahidi kwamba nikijituma nitaanza, maana hakuwa na hakika nalo. Nimewahi kufanya kazi chini ya watu waliokuwa wakitoa ahadi za aina hiyo kila mwaka, na hapo ndipo nilipojua thamani ya mazungumzo yale mafupi.

Halafu kulikuwa na ulimi wake. Kocha huyu hakuwa mtu wa hotuba. Akisimamisha mazoezi, alisema sentensi moja ambayo mguu unaweza kuitekeleza: geuza bega kabla mpira haujakufika, ukishatoa pasi, sogea. Akaonyesha, akapuliza kipyenga, tukaendelea. Hakumwita mtu mvivu wala mzembe. Siku nyingi hakuwa hata na sifa za kugawa, na bado kila mmoja wetu alijua anathaminiwa.

Miaka mingi baadaye nilifurahi kukuta kwamba jambo hili limewahi kuhesabiwa. Katika msimu wa 1974/75, wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa kwenye mazoezi ya John Wooden, kocha aliyeipa UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10. Wooden alianzia sekondari, akifundisha Kiingereza darasani na kunoa timu baada ya masomo. Watafiti hao waliandika kila alichosema na kukitenda, zaidi ya matukio 2,300. Karibu robo tatu yalikuwa maelekezo: fanya nini, vipi, wakati gani. Sifa hazikufika asilimia 7, na makaripio pia hayakufika. Ndiye kocha huyohuyo aliyekuwa akianza msimu kwa kuwafundisha wachezaji namna ya kuvaa soksi bila mkunjo, maana mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge humtoa mtu mchezoni.

Ukitaka kujipima, mwombe mtu aketi kando ya uwanja na kuandika kila unalosema katika zoezi moja. Kisha isome karatasi ukijiuliza ni maneno mangapi ambayo mchezaji angeweza kuyafanyia kazi papo hapo. "Amka!" halimo. "Kuwa makini!" nalo halimo.

Kuhusu nidhamu sina mengi. Alifika kabla yetu, mipira imeshajazwa upepo, na baada ya kufungwa mabao mengi aliendesha zoezi lilelile kwa sauti ileile. Hilo lilitosha.

Lipo jambo ambalo watu huliruka wanapowasifu makocha wao, nami sitaki kuliruka. Mtoto anayempenda kocha wake atamwamini kwa lolote, na imani ya namna hiyo inahitaji uwazi wa kuilinda. Wetu alizungumza nasi faragha pale ambapo wengine wanatuona, na safari zote wazazi walizijua. Hakuwa na siri na mchezaji yeyote. Kocha mwema hutaacha kumpenda kwa sababu ya utaratibu huo, na dhidi ya kocha asiye mwema utaratibu huo ndio kinga. Anza nao siku ya kwanza, kabla hujazoeana na yeyote.

Kama uliwahi kufundishwa na mtu wa aina hii na bado yuko hai, mwandikie. Usiishie kwenye "asante kwa yote". Mtajie jambo moja alilolifanya na unalitumia wapi sasa. Kocha wa shule huagana na vijana kila mwaka bila kuona mwisho wa kazi yake, na habari kama hiyo haiwezi kumfikia kwa njia nyingine.

Na kama umeombwa kuichukua timu na unasita kwa sababu hukuwahi kuucheza mchezo huo, mtazame Bruda Colm O'Connell. Alitoka Ayalandi mwaka 1976 kwenda kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya, na hakuwa na ujuzi wowote wa riadha. Alianza kwa kutazama na kuuliza. Shuleni hapo alipita Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Baadaye akamnoa David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1:40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Wewe huenda usimpate Rudisha. Ikubali timu hiyo hata hivyo. Sheria za mchezo utazisoma, mazoezi utamwomba anayejua akuonyeshe, na majina yao yote uyajue kabla ya wiki ya kwanza kwisha, ukianza na ya walio benchi.